Ziara ya siku moja ya pwani na bustani, watu 8 kutoka Nairobi: kwa nini Jumamosi moja inafana na ijayo inaharibika?

#1 FundiRatiba
Wakuu, salamu. Nina hoja, mnipinge kwa hesabu.

Ziara za siku moja za Mombasa zinazouzwa hapa Nairobi zinafanana. Watu 6 hadi 8, mwongozaji mmoja, treni ya usiku kwenda, treni ya usiku kurudi, katikati bustani na mandhari ya bahari. Kipeperushi kina saa zilezile mwaka mzima: saa 3 bustani, saa 7 chakula, saa 9 alasiri kutembea juu ya miamba kutazama viti vya pweza (wale viumbe wa bahari wenye umbo la nyota). Jumamosi moja watu wanarudi wakiimba. Jumamosi inayofuata gari ni lilelile, mwongozaji ni yuleyule, na watu wanarudi wamenuna.

Nasema aliyeandika ratiba alitazama saa ya ukutani, hakutazama maji. Maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, huchelewa kama dakika 50 kila siku. Zidisha kwa 7 upate dakika 350, karibu saa 6. Na kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika chache. Yaani maji yaliyopwa Jumamosi hii saa 4 asubuhi, Jumamosi ijayo saa hiyohiyo yamejaa. Ratiba isiyobadilika inakutana na bahari iliyogeuka kila wiki. Kuna mwenye sababu nyingine?

#2 Nahodha_Mtongwe
Hesabu iko karibu, ila 50 ni wastani. Karibu na bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji huchelewa dakika 35 hadi 40 kwa siku. Karibu na maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, hupita saa nzima. Mpangaji atumie jedwali la Kilindini linalotolewa kila mwaka na KPA, mamlaka ya bandari, asihesabu kwa vidole.

Kanuni ya kichwani ni hii. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, Mombasa maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Mwezi ukiwa nusu, geuza: kujaa karibu saa 4, kupwa karibu saa 10. Bamvua yenyewe hukomaa siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu.

Halafu umesahau jambo kubwa kuliko saa. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu ni kama mita 1 tu. Kwa hiyo Jumamosi ya maji mafu hata ukifika saa kamili ya kupwa, miamba haitoki ikakauka. Hapo hujakosea saa, umekosea siku. Futa matembezi ya miamba, weka kitu kingine.

#3 Syokimau_Saa4
Mimi napinga. Bahari mnaisingizia, sababu ni usingizi.

Treni ya usiku inatoka Syokimau, kituo cha Nairobi, saa 4 na kufika Miritini, kituo cha Mombasa, kabla ya saa 10 alfajiri. Daraja la kawaida viti vimesimama wima, watu wanatazamana magoti kwa magoti, taa zinawaka njia nzima. Mtu aliyeamka Ijumaa saa 12 asubuhi kwenda kazini, ikifika Jumamosi saa 7 mchana ana saa 31 bila usingizi wa maana. Hata umwonyeshe pomboo anaruka, atasema yuko sawa na kufumba macho. Jumamosi iliyofana, ukichunguza, ni ile kikundi kilisafiri kwa treni ya mchana Ijumaa na kulala kitandani.

#4 DerevaWaHiace
@Syokimau_Saa4 sawa, lakini hata waliolala huchoka wakipitishwa Likoni. Foleni ya feri Jumamosi asubuhi inaweza kula saa nzima, na ndani ya gari lililosimama joto la Mombasa halina huruma kwa mtu wa Nairobi.

#5 Mkandaa
@DerevaWaHiace hiyo ya Likoni ilikuwa zamani, kaka. Ukishukia Miritini huna haja ya kuingia kisiwani. Barabara ya Dongo Kundu inaanzia hapohapo Miritini, inavuka daraja la Mwache na lile refu la Mteza, inakutoa Ng'ombeni upande wa Kwale. Hakuna feri. Ndiyo sababu nasema ziara ya siku moja ya anayetoka Nairobi iende kusini: kijiji cha Gazi na kisiwa cha Wasini. Kaskazini lazima uikate Mombasa yote, kisha upambane na barabara ya Mtwapa.

#6 FundiRatiba
Asante nahodha, nimesahihishwa. @Mkandaa hebu mwaga hiyo ya kusini kwa saa.

#7 Mkandaa
Naweka ya Jumamosi ya bamvua, kupwa saa 4 asubuhi.

Mkishuka Miritini, saa nzima ya kwanza ni ya vyoo, chai na mahamri kwa mbaazi. Kitu hiki kisirukwe, njaa ya alfajiri ndiyo inayozaa kichefuchefu kwenye boti baadaye. Ondokeni kabla ya saa 11 u nusu, muwe Gazi jua likiwa limechomoza lakini halijauma, kama saa 12 u nusu. Maji yalijaa saa 10, sasa yanashuka. Mikoko inatazamwa vizuri saa hiyo: chini bado pana maji yanayong'aa, juu mizizi inaanza kutoka.

Njia ya mbao ya akina mama wa Gazi hupita katikati ya mikoko, na mwongozaji anayejua kazi hasemi "hii ni mikoko" akapita. Miti hii kila mmoja ana jina na mguu wake. Mkoko wenyewe umesimama kwa mizizi ya magongo iliyopinda kutoka shinani. Mchu umetoa vijiti vyembamba wima kama penseli, mamia, kuzunguka shina. Muia mizizi yake inatoka na kukunjika kama magoti. Mlilana una vigingi vinene, na hupenda kukaa mbele kabisa panapopigwa na mawimbi. Mkandaa ni mfupi, gome lake hutoa rangi nyekundu ya kupakia.

Mpe kila mtu kazi ya mkono. Aguse upande wa chini wa jani la mchu, kisha alambe kidole. Ni chumvi: mti unainywa na maji na kuitoa kwa jani. Kisha atafute tunda la mkoko linaloning'inia. Lile fimbo la kijani, sentimita 40 hadi 60, si tunda tu, ni mche ulioota ukiwa bado umeshikwa na mama. Ukianguka maji yamepwa unajichoma topeni. Ukianguka maji yamejaa unaelea hadi upate pa kukaa.

Saa 2 u nusu mko barabarani kwenda Shimoni. Boti ya injini kuvuka ni muda mfupi, na kufikia saa 4 mko bustani ya mawe ya Wasini.

#8 MamaBustani
Bustani ya mawe ndiyo nini? Mimi nilidhani tunaongea maua.

#9 Mkandaa
@MamaBustani ni matumbawe ya kale, mama, yaliyoota bahari ilipokuwa juu na sasa yamesimama wazi kama minara iliyokatwakatwa na mvua, mengine marefu kuliko mtu. Chini yake pana nyasi fupi za pwani na mikoko midogo. Kikundi cha akina mama wa kijiji kimejenga njia ya mbao katikati na ndicho kinachokusanya kiingilio. Bamvua ikijaa, maji huingia bustanini. Ikipwa, pamekauka na kaa wenye gando moja kubwa wanatoka mashimoni kupungiana. Dume mmoja akiinua gando jekundu, simameni kimya dakika 2. Wote watatoka.

#10 Nahodha_Mtongwe
Ratiba ya Mkandaa nzuri, ila kupwa kwa bamvua boti haifiki ngazini. Abiria wanashukia kwenye maji ya magoti na kutembea juu ya mawe. Viatu vya mpira vyenye mkanda nyuma, si kandambili. Kandambili zinabaki kwenye tope, na kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu. Mwiba ukivunjikia mguuni usiukamue.

Na kanuni ya kurudi. Kupwa hadi kujaa gawanya sehemu 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90. Mwongozaji asiyejua hili huona maji "hayapandi" saa ya kwanza, anawaacha watu kwenye mwamba wa mbali, kisha saa ya tatu anashangaa njia haipo. Mgeuko wa maji ukifika, anzeni kurudi. Msingoje dalili.

#11 Jedwali_na_Saa
Kuna kosa dogo linaloharibu siku nzima na hakuna aliyelitaja. Jedwali la maji limeandikwa kwa saa za kizungu. Likisema 10.12, ni saa 4 na dakika 12 asubuhi. Ofisi Nairobi inamtumia dereva wa Pwani ujumbe "maji saa 10", dereva anasoma saa kumi jioni. Mmoja anasubiri Shimoni, mwingine bado anakunywa chai Ukunda. Andikeni "saa 4 asubuhi kupwa", kwa maneno, na mwisho andika asubuhi au jioni kila mara.

#12 DerevaWaHiace
#11 ameua. Hilo ni la kila mwezi.

#13 MtiNaJina
Mnaitupa kaskazini mapema mno. Mtu anayetaka bustani kwa maana ya miti na kivuli, Haller Park pale Bamburi haina mpinzani. Ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji, sakafu tupu ya mwamba wa matumbawe, maji ya chini ni ya chumvichumvi. René Haller alianza 1971 kwa kupanda mivinje (Casuarina), mti ukashika, leo ni msitu.

#14 Mkandaa
@MtiNaJina hakuanza na mivinje peke yake. Alijaribu aina 26 za miti, zikabaki hai 3: mvinje, mnazi na ule mti wa Kisomali, Conocarpus. Mvinje ndio uliokimbia.

#15 MtiNaJina
Nimekubali, 26 na 3. Lakini kwa nini mvinje ulishinda? Waongozaji wengi husema "una bakteria mizizini kama maharage". Nusu ni kweli. Vinundu vipo na naitrojeni inanaswa, lakini kiumbe chake ni Frankia, si yule wa kunde. Usiwaambie wageni ni yuleyule, kati ya watu 8 huwa kuna mwalimu wa biolojia mmoja.

Na zile "sindano" za mvinje si majani. Okota moja, shika ncha mbili, vuta taratibu. Itaachana kwenye kiungo kwa mlio mdogo. Tazama pale ilipoachia: vimeno vidogo 6 hadi 8 vimezunguka kama taji. Hivyo vimeno ndiyo majani. Kijiti chote cha kijani ni tawi. Maji yanapotea kidogo kwa kuwa majani ni madogo hivyo, na hapo ndipo mimi naona siri ya kuishi juu ya mwamba, kuliko hivyo vinundu.

#16 MamaBustani
Mimi naona siri ni majongoo. Vijiti vya mvinje vikianguka havikuoza, vimejaa tanini, vikarundikana. Walipoletwa majongoo wale wakubwa wa miguu myekundu, wakavitafuna, kinyesi chao ndicho kilichokuwa udongo wa kwanza. Bila udongo huo, mvinje ungebaki mti mkavu juu ya jiwe, hakuna mti wa pili ungeota.

#17 MtiNaJina
Hiyo inaeleza miti iliyofuata, mama, haielezi mvinje wenyewe kushika. Lakini kwa ziara una haki: jongoo mkononi anakumbukwa kuliko Frankia.

#18 KitiChaPweza
Na jamani, wakifika Haller Park waongozaji wasiseme Mzee, yule mnyama maarufu wa pale, alikuwa kasa. Mzee alikuwa kobe wa Aldabra, wa nchi kavu. Kasa ni wa baharini, ana mapezi. Owen yule mtoto wa kiboko aliletwa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamfanya Mzee mlezi. Kisa ni kizuri vya kutosha, kiacheni na majina yake sahihi.

#19 Syokimau_Saa4
Uzi umegeuka darasa la majongoo, nimefurahi. Bado nauliza: saa 7 mchana watu wanasinzia, yaani maji yamewafanya nini?

#20 JikoLaKisiwani
@Syokimau_Saa4 saa 7 ni chakula, si usingizi. Vikundi hufika Wasini saa 7 ndipo vinaagiza. Samaki wa kupaka haivi kwa dakika 15. Kumchoma, kutengeneza tui zito, kumpaka na kumrudisha motoni, kwa sahani 8 ni saa nzima na zaidi kwa jiko la makaa. Watu wanakaa kivulini tumbo tupu, joto, hawana la kufanya. Hapo siku inavunjika.

Piga simu saa 2 asubuhi mkiwa bado Gazi: wangapi samaki, wangapi kaa, nani hali vyakula vya baharini. Muulize kila abiria kuhusu kaa na kamba treni haijaondoka Nairobi, maana mwenye mzio akigundua kisiwani, hospitali iko ng'ambo ya maji. Na Ijumaa msipange chakula saa 7, wanaume wako msikitini, nahodha wenu akiwemo.

#21 MsafiriWaMara1
Habari. Swali la mgeni: nguo gani, na maji ya kunywa kiasi gani?

#22 Mkandaa
Karibu. Lita 2 hadi 3 kwa mtu kwa siku, zaidi Januari hadi Machi. Zibebwe kwenye chupa za kujazwa tena. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi, fukwe na misitu, na kituo cha hifadhi watakuzuia nazo. Mfuko wa gari uwe na sukari na chumvi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anayeumwa kichwa na kutoka jasho jingi apewe hiyo kivulini, na akiacha kutoka jasho au akianza kuchanganya maneno msingoje, mpelekeni hospitali.

Nguo: Wasini ni kijiji cha Waislamu, watu wako nyumbani kwao. Leso ya kujifunga ukitoka majini, mabega yafunikwe, na omba ruhusa kabla ya picha.

#23 DerevaWaHiace
Mie naongeza idadi, maana kichwa cha uzi kinasema 8 na hakuna aliyeieleza. Hiace ya watalii ikiwa na watu 7 au 8, kila mtu ana dirisha. Ukijaza 14 kama matatu, nusu wanatazama kisogo cha mwenzao kutoka Miritini hadi Shimoni. Kusimama choo, dakika 4 kwa mtu, watu 8 kwa vyoo viwili ni dakika 16. Watu 14 ni dakika 28. Simameni mara 4, tofauti ni dakika 48. Hizo ndizo zilizokukosesha maji ya saa 4, FundiRatiba.

#24 KitiChaPweza
Na njia za mbao ni nyembamba, watu wanakwenda mmoja nyuma ya mwingine. Sauti ya mwongozaji ikiwa na upepo wa kusi inafika mtu wa saba au wa nane, si zaidi. Mwongozaji mzuri hupita katikati ya mstari ndipo aongee, haongei akiwa mbele.

#25 FundiRatiba
Kwa hiyo mnasema maji, usingizi, chakula, idadi. Bado nashikilia maji, kwa sababu hayo mengine ni yaleyale kila Jumamosi, maji peke yake ndiyo yanayobadilika.

#26 Syokimau_Saa4
Watu nao hubadilika kila Jumamosi, ndugu yangu. Walioko kikundini ni wengine.

#27 Nahodha_Mtongwe
Na upepo hubadilika. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari imetulia na maji ni kioo. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, mkondo wa Wasini unachafuka na ufuo unajaa majani ya baharini. Ratiba ya Februari na ya Julai haziwezi kuwa moja hata maji yakilingana. Julai vukeni mapema, upepo huongezeka mchana. Jaketi za kuokolea watu 8, zihesabiwe na kufungwa vifungo boti ikiwa bado imefungwa.

#28 MsafiriWaMara1
Nashukuru. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa wapi?

#29 Jedwali_na_Saa
Bustani ya mawe na njia ya Gazi ni za vijiji, lipa palepale. Kisite-Mpunguti ni hifadhi ya bahari ya KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, hawapokei pesa taslimu. Lipia ukiwa bado Nairobi, uhifadhi risiti kwenye simu hata bila mtandao. Na kitambulisho halisi cha kila abiria, Syokimau hupandi treni bila hicho.

#30 MamaBustani
Nje ya mada kidogo: ule mche wa mkoko wa sentimita 50 ukiokotwa, utaota Nairobi kwenye ndoo?

#31 Mkandaa
Usiokote, mama. Gazi kuna mradi wa kijiji, Mikoko Pamoja, hekta 117 tangu 2013, wanalinda mikoko, na fedha wanazolipwa kwa hewa ya ukaa inayonaswa na miti hiyo zinalipia maji na shule. Kila mche ulioanguka ni wao. Na Nairobi usiku wa Julai utauua hata ukiupa chumvi.

#32 MamaBustani
Basi asumini?

#33 MtiNaJina
Asumini sawa, kipande cha tawi cha sentimita 12 hadi 15, chenye vifundo 3, kisicho na ua. Ondoa majani ya chini, chomeka vifundo 2 kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini hadi kishike, kisha ukihamishie ukutani upande unaopata jua la asubuhi. Itachelewa kuliko Pwani. Maua hufunguka jua likizama, kwa hiyo uipande karibu na dirisha la unakokaa jioni. Mnazi usihangaike, utaota na hautazaa.

#34 DerevaWaHiace
FundiRatiba, Jumamosi ijayo kupwa ni saa ngapi? Nina kikundi cha 7.

#35 FundiRatiba
Mwezi utakuwa nusu, kwa hiyo karibu saa 10 jioni, na ni maji mafu. Futa miamba. Gazi saa 4 asubuhi maji yakiwa yamejaa, muombe akina mama mtumbwi badala ya kutembea. Dakika zenyewe nitazitoa kwenye jedwali usiku huu nikutumie kwa maneno.